Kuachwa nyuma si uvivu, ni upepo

Wadau, baadhi ya vilabu vya baiskeli vina kauli moja ya kujidai: "Hapa hatusubiri mtu." Mimi siiafiki.

Kwenye tambarare, ukienda kilomita 35 kwa saa, adui yako mkubwa ni upepo. Anayejibana nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa karibu robo ya nguvu, pengine zaidi. Ukiachwa mita 20 tu mlimani, kinga hiyo huna tena. Wenzako wanapokezana mbele, wewe unapambana peke yako. Utawakamata saa ngapi? Unabaki na malori barabarani, umechoka, akili imeshavurugika. Hiyo ni hatari, si mazoezi.

Chris Froome, bingwa wa Tour de France wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza utotoni huko Kikuyu, Kenya, akiendesha na kina David Kinjah. Bingwa hulelewa jamani!

Dawa ni rahisi: tangazeni kasi kabla ya kuondoka, subirianeni juu ya mlima, na wanaotaka kushindana watengewe siku yao. Klabu inayomwacha kila mgeni itazeeka na watu wale wale. Au mnasemaje?