Mtoto akibanwa kifua mara kwa mara, uliza pia moshi unatoka wapi

Mzazi, kuna swali ambalo sisi madaktari huchelewa kuliuliza. Mtoto analetwa kliniki kifua kinapiga filimbi. Tunampa dawa ya kuvuta, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu yuko tena kwenye benchi lilelile. Tunauliza amekula nini, amelala wapi, nani mwingine katika ukoo ana pumu. Mama mmoja aliwahi kunikatisha katikati ya maswali hayo: “Daktari, huyu akienda kwa bibi yake likizo hakohoi kabisa. Akirudi nyumbani, siku mbili hazipiti.” Nilipomuuliza wanaishi wapi, ndipo nikajua kwamba nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tanuru la kuchomea matofali.

Mama yule alikuwa ameshaona kilichokuwa kinamdhuru mwanawe kabla yangu. Leo nataka nikueleze habari ya wazazi wengine walioona hivyohivyo, katika mji wa Chicago nchini Marekani. Wao moshi wao haukutoka kwenye tanuru la jirani. Ulitoka kwenye mitambo miwili mikubwa ya umeme iliyochoma makaa ya mawe katikati ya makazi yao.

Mtambo wa kwanza, Fisk, ulianza kazi mwaka 1903 katika mtaa wa Pilsen. Aliyeusimamia ni mfanyabiashara Samuel Insull, na mashine yake ya kwanza ya kufua umeme, ya kilowati 5,000, ilikuwa ya ajabu kwa wakati huo. Wa pili, Crawford, ulifunguliwa mwaka 1924 katika mtaa wa Little Village. Umeme huo ulijenga mji. Uliwasha taa na kuendesha viwanda. Waliokaa karibu na mabomba ya moshi walikuwa wafanyakazi wahamiaji, kwanza kutoka Ulaya, na baadaye familia nyingi zenye asili ya Meksiko.

Marekani ilipotunga sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, masharti magumu zaidi yaliwekwa kwa mitambo mipya. Mitambo ya zamani kama hii miwili ilisamehewa masharti hayo, kwa kudhaniwa kwamba muda si mrefu ingezeeka na kufungwa. Haikufungwa. Iliendelea kuchoma makaa kwa miaka mingine zaidi ya 40.

Moshi huo una nini?

Moshi wa makaa ya mawe una vumbi laini sana, chembe zisizofikia hata sehemu moja ya ishirini ya unene wa unywele. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kifuani. Yanafika kwenye moyo na mishipa ya ubongo. Ndani ya moshi huo pia mna gesi ya salfa, ambayo ikivutwa na mwenye pumu huweza kukaza njia zake za hewa ndani ya dakika chache. Kuna na zebaki, ambayo hutua kwenye maji, ikaingia kwa samaki, na ikifika kwa mama mjamzito huweza kuathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Ukilinganisha na uzito wake, anavuta hewa nyingi kuliko wewe, na njia zake za hewa ni nyembamba. Uvimbe mdogo ambao kwako ungeleta kikohozi tu, kwake unaweza kuziba.

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba moshi wa mitambo hiyo miwili ulihusika kila mwaka na vifo 41 vya mapema, safari 550 za kukimbilia idara ya dharura na vipindi 2,800 vya kubanwa na pumu. Lakini wazazi hawakuwa wamesubiri utafiti. Mama mmoja wa Little Village, Kimberly Wasserman, alikuwa amemkimbiza hospitali mwanawe aliyebanwa kifua akiwa bado mchanga. Alipoambiwa kwamba uchafuzi wa mazingira unachangia, alianza kugonga milango ya majirani kuwauliza kama na wao wana watoto wa namna hiyo. Walikuwa wengi. Yeye na wenzake walipigana zaidi ya miaka 10. Februari 2012 yalitangazwa makubaliano ya kufunga, na ilipofika mwisho wa Agosti mwaka huo mitambo yote miwili ilikuwa imeacha kuchoma makaa. Mwaka 2013 Wasserman alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Baada ya moto kuzimwa

Sasa hapa ndipo penye jambo la kumpa mzazi moyo. Watafiti walilinganisha watoto walioishi karibu na mitambo mitatu iliyofungwa mwaka 2012, hiyo miwili pamoja na mmoja wa mpakani na jimbo la Indiana, na watoto walioishi mbali nayo. Watoto wenye umri usiozidi miaka 4 walioishi karibu walipungua katika idara za dharura kwa matatizo ya pumu kwa asilimia 12 hivi. Katika shule za msingi zilizo jirani, utoro wa wanafunzi ulipungua kwa takribani asilimia 6. Kule California nako, mitambo minane ya makaa na mafuta ilipofungwa, kiwango cha kuzaliwa watoto njiti kwa akina mama waliokaa ndani ya kilomita 5 kilishuka kutoka asilimia 7 hadi 5.1.

Mimi sina dawa yoyote kabatini inayoweza kuufanyia mtaa mzima kazi hiyo.

Lakini habari haikuishia hapo. Bomba la moshi la Crawford lilibaki limesimama hadi Aprili 11, 2020, lilipoangushwa kwa baruti. Ilikuwa katikati ya janga la korona, watu wameambiwa wakae majumbani. Wingu la vumbi lilitapakaa na kufunika nyumba za Little Village. Wakazi waliovuta moshi kwa zaidi ya miaka 80 wakavutishwa na vumbi la kuuvunjia mtambo wenyewe. Na mahali pale likajengwa ghala kubwa la mizigo, ambalo kwa wakazi lina maana ya malori ya dizeli barabarani. Kwa hiyo kufunga mtambo hakutoshi kama hakuna anayesimamia unavyobomolewa na kinachoujia badala yake.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: “Daktari, wewe hutaki umeme?” Nautaka sana. Mashine ya oksijeni wodini kwangu ni ya umeme, na jokofu la chanjo vilevile. Nimemshika mtoto mkononi umeme ukakatika, najua maana yake. Ninachokataa ni hesabu inayoandika bei ya kila yuniti na kuacha nje gharama za matibabu, siku za shule zilizopotea na mama aliyekosa kazi kwa sababu ya kukesha hospitali. Gharama hizo zipo. Ila zinalipwa na wanaoishi karibu na bomba la moshi, tena mfukoni mwao.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na sisi tuna makaa ya mawe ardhini. Siku mradi wa aina hiyo utakapoletwa kwenye mkutano wa kijiji chako, uliza bomba litakuwa umbali gani na shule, nani atapima hewa, matokeo yatabandikwa wapi, na nani atasafisha mtambo utakapozeeka.

Ufanye nini leo?

Kama mtoto wako anabanwa mara kwa mara, chukua daftari. Andika tarehe, saa, alikuwa wapi na kulikuwa na moshi gani: jiko la mkaa, takataka zinazochomwa, jenereta, tanuru, malori. Lilete kliniki. Litanisaidia kuliko kumbukumbu za kubahatisha.

Usimwachishe dawa ya kuvuta kwa sababu umeambiwa italeta mazoea. Haina uraibu. Ile ya kuzuia itumike kila siku kama alivyoandikiwa, hata akiwa mzima.

Ukiona mbavu zinaingia ndani anapopumua, anashindwa kuongea au kunyonya, au midomo inabadilika kuwa ya bluu, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali.

Na ukigundua kwamba mtoto anapona kwa bibi na kuugua nyumbani, mgongee jirani mlango umuulize na yeye. Huenda si wa kwako peke yako.