Kiungo Hakiumbwi kwa Sifa

Msomaji kijana, bila shaka umesikia kwamba siku hizi mashine huchapa viungo vya mwanadamu kama zichapavyo magazeti. Wasemao hivyo hawakutendei haki. Mashine zipo, nazo hupanga chembe hai tabaka juu ya tabaka ndani ya ute maalumu. Lakini nyama nene isiyo na mishipa ya damu hufa, kwa kuwa chembe zake hazipati hewa wala chakula. Hajapatikana bado mtu aishiye kwa moyo au figo ya kuchapwa.

Utauliza: matumaini yaliyotiwa chumvi kidogo yana ubaya gani? Sikiliza. Mwaka 2011, mjini Stockholm, Sweden, daktari Paolo Macchiarini alimtia mwanafunzi mmoja kutoka Eritrea koo la hewa la plastiki, lililolowekwa chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Dunia ikashangilia. Koo lile halikugeuka nyama hai. Wagonjwa watatu aliowatia makoo ya namna hiyo mjini humo wote walikufa. Mwaka 2014 madaktari wanne wenzake walilalamika. Mwaka 2015 chuo kikasema hana hatia. Mwaka 2016 kikamfukuza. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Wako wasemao kwamba mgonjwa mahututi hana cha kupoteza. Hoja hii ni mbovu. Mahakama ile iliona kwamba wagonjwa wale wangaliweza kuishi muda usio mdogo bila upasuaji ule. Walikuwa na siku zao, nazo zilipotezwa.

Sasa tazama waungwana wa kazi hiyo. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za wagonjwa saba waliotiwa vibofu vya mkojo vilivyooteshwa kwa chembe zao wenyewe. Walikuwa wamewaangalia kwa miaka kabla ya kunena. Mwaka 2014 watafiti walitoa matokeo ya njia hiyo kwa watoto 10. Haikufaa, nao hawakuficha. Kwa ungamo lile, watoto wengine waliepushwa na kisu cha bure.

Basi, kijana, ukiletewa habari ya ajabu, usipige makofi upesi. Uliza kwanza: imejaribiwa kwa nani, wangapi wamepona, na nani amewahesabu waliokufa?