UCHANGANUZI: Joto kali lapora mimea maji hata mvua inaponyesha

KWA miaka mingi ukame nchini umepimwa kwa kipimo kimoja tu: mvua imenyesha au haikunyesha. Kipimo hicho sasa hakitoshi, kwa kuwa joto limegeuka mshirika mkuu wa ukame katika kuangamiza mimea.

Ushahidi ulidhihirika kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosa kufaulu mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya pamoja na nchi jirani za Ethiopia na Somalia. Mnamo Septemba 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Kufikia mwisho wake, zaidi ya mifugo milioni mbili walikuwa wameangamia humu nchini.

Aprili 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walisema mabadiliko ya tabianchi yanayotokana na shughuli za binadamu yaliongeza uwezekano wa ukame wa aina hiyo takriban mara 100. La kushtua zaidi ni kwamba, kwa mujibu wao, uhaba uleule wa mvua haungezua ukame hata kidogo iwapo dunia ingekuwa baridi kwa nyuzi 1.2.

Sababu si ngumu kuelewa. Kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, hewa hupata uwezo wa kubeba takriban asilimia saba zaidi ya mvuke. Hewa hiyo yenye kiu huyafyonza maji kutoka kwa udongo na majani kabla mizizi haijafaidi.

Mmea nao hujihami kwa kufunga vitundu vidogo vilivyo kwenye majani yake ili usipoteze maji. Lakini ni kupitia vitundu hivyo ndipo huingiza hewa ya kaboni unayotumia kujitengenezea chakula. Kwa hivyo, mmea unaojiokoa na kiu hujinyima chakula, na ukuaji wake hudumaa.

Hata hivyo, madhara hayo hayafanani kila mahali. Katika maeneo ya kilimo, zao lililo hatarini zaidi ni mahindi, hasa yanapotoa mbelewele na ndevu. Joto likizidi nyuzi 35 wakati huo, chavua hufa na gunzi hubaki na mapengo, hata kama shamba linaonekana kijani kibichi.

Utafiti uliochapishwa 2011, uliochambua zaidi ya majaribio 20,000 ya mahindi barani Afrika, ulionyesha kuwa kila siku moja inayozidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja hupunguza mavuno kwa asilimia moja palipo na maji ya kutosha. Penye ukame, hasara hiyo hufikia asilimia 1.7.

Hii ina maana kuwa mbolea ya bei nafuu pekee haiwezi kumwokoa mkulima wa Kitui au Makueni iwapo udongo wake hauna unyevu. Mtama, mbaazi na ndengu huvumilia hali hiyo kuliko mahindi, ila mkulima hatazipanda kwa wingi asipohakikishiwa soko.

Katika maeneo kame, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, taswira ni tofauti. Nyasi za kudumu zikiliwa hadi mizizini huku joto likizidi, hufa, na ardhi hubaki tupu. Mvua inaporejea, kama ilivyofanya kwa mafuriko mwishoni mwa 2023, maji hutiririka juu ya udongo huo mgumu bila kupenya.

Pengo hilo hujazwa na mimea kama mathenge, ambao mizizi yake mirefu huyafikia maji ya chini. Mti huo ulioletwa Baringo miaka ya themanini umevamia malisho, ilhali majani yake hayapendwi na mifugo.

Hapa pana funzo kwa wapangaji wa sera. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutumia picha za setilaiti kupima hali ya mimea, na bima ya mifugo iliyoanza 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir ilitegemea mbinu kama hiyo. Lakini si kila kijani kinachoonekana kutoka angani ni lishe ya mbuzi.

Tahadhari hiyo yahusu pia mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Mche uliofaa Nyeri hauwezi kuhimili jua la Marsabit. Katika nyanda kame, kuzuia malisho kwa muda ili nyasi na miti ya asili ichipuke upya kunaweza kuzaa matunda zaidi ya kuhesabu miche iliyopandwa.

Wakulima wa Machakos waliochimba matuta ya 'fanya juu' walithibitisha kuwa maji machache yanaweza kuzuiliwa shambani. Kaunti zinapoandaa bajeti zao, swali lisiwe tu ni mvua kiasi gani itanyesha, bali ni kiasi gani kitabaki ardhini jua litakapowaka.