MAFAHALI WAWILI KATIKA ZIZI MOJA

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee naye aweza kuharibikiwa, tena kwa mikono ya wale wale wampendao.

Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani mwenye jina hilo, hupunguza katika ubongo kitu kiitwacho asetilikolini, kipelekacho habari kutoka seli hata seli. Dawa ya donepezili haiuponyi ugonjwa huo. Huihifadhi asetilikolini iliyosalia. Lakini ziko dawa nyingine, za mafua, za usingizi na za kuzuia mkojo, ambazo huizuia asetilikolini hiyo hiyo isifanye kazi.

Mwaka 2005 wataalamu wa Ontario, Kanada, walitangaza uchunguzi juu ya wazee 44,884 waliopotewa na kumbukumbu. Katika wale waliotumia donepezili na dawa za jamii yake, 4.5 kwa kila 100 walipewa baadaye dawa za kuzuia mkojo. Katika wenzao wasiozitumia, 3.1 tu. Sababu yaeleweka. Donepezili yaweza kumfanya mzee ashindwe kujizuia. Badala ya kuichunguza dawa ya kwanza, huongezwa ya pili, nayo hubomoa kilichojengwa na ile ya kwanza.

Hatumshtaki daktari yeyote. Kosa ni la kugawana mgonjwa vipande: huyu autazama ubongo, yule kibofu, na muuza duka la dawa auza kidonge cha mafua bila kuuliza kitu. Mzee mzima hana amtazamaye.

Twasema hali hiyo haifai kuendelea. Kila hospitali yapasa iwe na mtu mmoja mwenye dhamana ya kuisoma orodha nzima ya dawa za mgonjwa. Nanyi, ndugu wanachama na wafanyakazi, mnaotoa mshahara wenu kuwanunulia wazazi dawa, zikusanyeni zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani kama klorofeniramini. Mpelekeeni daktari, mkamwulize: Je, hizi zapatana? Wala msizikatize kwa shauri lenu wenyewe, maana hilo nalo lina hatari yake.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tusikubali kichwa cha mzazi wetu kiwe zizi lao.