Maji ya Matumbawe Nyumbani

Enyi vijana mfugao matumbawe katika matangi ya vioo, jueni kwamba maji yageukapo mvuke huacha nyuma kila kilichoyeyuka ndani yake. Basi kila mjazapo maji ya bomba, fosfeti na shaba huzidi. Na shaba ikizidi huua matumbawe. Kwa hiyo yaangalieni machujio yenu. La kwanza huzuia mchanga; la pili, la mkaa, huondoa klorini iharibuyo utando wa chujio la tatu. Hayo mawili yabadilisheni takriban kila miezi 6. La mwisho hunasa chumvi zilizosalia: kipimo cha chumvi kikipita 0, libadilisheni. Mkaa ni rahisi, utando ni ghali. Na kiumbe aliyefungiwa hana bahari nyingine ya kukimbilia.