Sabufa kwenye gari la familia, na masikio ya anayekaa nyuma

Gari lililotumika Japan likishushwa bandarini Dar es Salaam huja na kasoro ambayo mnunuzi huigundua siku ya kwanza tu: redio haishiki stesheni nyingi. Redio za FM za kule zilitengenezwa kupokea megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vya Tanzania viko kati ya 88 na 108. Menyu nayo imeandikwa Kijapani. Basi mwenye Noah au IST yake mpya anakwenda Gerezani, Kariakoo, kubadilisha redio, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Fundi anamwambia spika za mlangoni ni karatasi tupu. Amplifaya ipo, bei ya maelewano. Sabufa ya inchi 12 ipo, tena na boksi lake. Jioni gari linarudi nyumbani likitikisa vioo vya jirani, na watoto wanashangilia.

Si dhambi kupenda muziki mzuri garini. Shida ni kwamba fundi huupima muziki akiwa amesimama nje, mlango wazi, na mwenye gari huusikiliza akiwa kiti cha mbele. Anayekaa nyuma, karibu na boksi na mara nyingi na spika iliyo usawa wa kichwa chake, ni mtoto. Hakuna anayemuuliza.

Ndani ya kila sikio mtu huzaliwa na seli zenye vinywele zipatazo 15,000, ambazo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa ubongo. Seli hizo zikifa kwa binadamu haziota tena. Kelele haiziui kwa kishindo kama ajali. Inazichosha, zinapona, inazichosha tena, mpaka siku moja hazirudi. Kwanza hupotea sauti nyembamba, zile zinazotofautisha "s" na "f", kwa hiyo mtoto anasikia kwamba mwalimu anaongea lakini hapati vizuri anachosema. Darasani ataitwa mzembe.

Kiasi gani ni kingi? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kiwango cha usikilizaji salama: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa watoto. Kiliwekwa kwa ajili ya simu na vifaa vya muziki vya mkononi, lakini sikio halijui sauti imetokea wapi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, na muda ulio salama unakatwa nusu. Piga hesabu: mtoto anayekaa ndani ya gari saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku tano, ana saa 10 kwa wiki. Kwake ukomo ni desibeli 81. Muziki ukipanda hadi 90, muda wote wa wiki unakuwa saa moja na robo, yaani Jumatatu haijaisha na amekwishautumia.

Desibeli 90 si nyingi kwa gari lililofungwa amplifaya. Mngurumo wa injini na barabara peke yake unaweza kukaribia 70, na madirisha yakiwa wazi kwa sababu kiyoyozi hakifanyi kazi, dereva anaongeza sauti ili ishinde upepo. Hapo wote wawili, upepo na muziki, wanamwangukia mtoto.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulidhani kinyume. Besi inayodunda kifuani inatisha, lakini si yenyewe inayoongoza kwa kuharibu masikio. Sikio la binadamu halisikii sana sauti nzito, ndiyo maana hata kipimo cha simu huonyesha namba ndogo wakati kiti kinatetemeka. Hatari kubwa ni sauti za kati na nyembamba zinazotoka kwenye spika za mlangoni na vile vispika vidogo vya juu, hasa zikisukumwa mpaka zinakwaruza. Mrija wa sikio la mtoto mchanga, kwa ufupi wake, huzikuza zaidi sauti nyembamba. Kwa hiyo sabufa iliyofungwa vizuri inaweza hata kusaidia: inabeba mzigo wa besi, spika ndogo zinapumua, na muziki unasikika umejaa bila kupandishwa. Iliyofungwa vibaya inafanya mwenye gari aendelee kuongeza sauti akitafuta uzuri ambao haupo.

Kufunga vizuri kukoje? Mzazi hahitaji kuwa fundi, ila asimame pale na aombe mambo machache. Kwenye amplifaya kuna kichujio chenye alama LPF. Kikiwekwa karibu na hezi 80, sabufa itapiga besi tu na haitaingilia maneno. Spika za mlangoni nazo, kama redio inaruhusu, zichujwe kuanzia hapo hapo kwenda juu. Halafu kuna kile kitufe ambacho mafundi wengi hukizungusha mpaka mwisho kumfurahisha mteja: geini. Geini si sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Ianze chini kabisa, nyongeza zote za besi zikiwa zimezimwa, redio ipandishwe hadi robo tatu, kisha geini iongezwe taratibu mpaka muziki uanze kukwaruza, irudishwe nyuma kidogo na iachwe hapo. Kazi hii ifanyike watoto wakiwa mbali. Mwisho, kwenye menyu ya redio, sauti ihamishiwe mbele. Ni kazi ya nusu dakika, haina gharama, na pengine ndiyo inayomsaidia mtoto wa nyuma kuliko zote.

Boksi ni habari nyingine. Noah haina buti iliyotengwa. Nyuma ya kiti cha mwisho ni pale pale mtoto anapoegemeza kichwa. Boksi lenye sabufa huwa zito, na gari likisimama ghafla kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, boksi lisilofungwa linaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule. Lifungwe kwa vyuma na skrubu kwenye bodi ya gari. Kamba ya manila haitoshi, na "ni zito, haliendi popote" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuona ajali.

Waya nao usipuuzwe. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli huvuta zaidi ya ampea 40, umeme unaotosha kuyeyusha waya mwembamba uliopita chini ya zulia, miguuni mwa watoto. Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, si kule kwenye amplifaya peke yake, maana waya ukichubuka katikati, fyuzi ya mwisho wa safari haiwezi kuzuia moto. Waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na hubeba umeme mdogo kuliko shaba tupu ya unene huo huo. Na zile wati 2,000 zilizoandikwa kwenye kasha kwa herufi kubwa zisimtie mtu wazimu. Namba ya kutafuta ni ile yenye alama RMS, kawaida imeandikwa kwa herufi ndogo.

Mtoto kulala fofofo muziki ukipiga si dalili kwamba haumdhuru. Mtoto mkubwa atasema masikio yanalia "ng'iii" au yamezibwa baada ya kushuka. Hiyo ina maana seli zimechoka na zinahitaji kimya. Akianza kuuliza "eti?" kila mara, au kupandisha sauti ya televisheni, apelekwe kupimwa masikio. Mara nyingi kitakachoonekana ni nta au usaha, vitu vinavyotibika, kwa hiyo wazazi wasikimbilie kulaumu sabufa.

Kupima gari si kazi ngumu. Zipo programu za bure za simu za kupima desibeli. Hazina usahihi wa maabara, ila zinatosha kutofautisha 75 na 90. Simu ishikwe pale kichwa cha mtoto kinapokaa, gari likitembea, muziki ukiwa kwenye sauti ya kila siku. Asiye na programu akae mwenyewe kiti cha nyuma: akilazimika kupaza sauti ili dereva amsikie, muziki umezidi. Kwa basi la shule la Hiace, mzazi anaweza kupanda siku moja asubuhi mpaka kituo kinachofuata na kufanya hivyo hivyo. Dereva atasema watoto wenyewe ndio wanaoomba aongeze. Huenda ni kweli, na hapo ndipo mzazi anapomwonyesha namba kwenye simu na kumwomba ahamishie sauti mbele, kwake mwenyewe.