Saa ya Nani Imeandikwa Kwenye Tiketi?

Kila msimu wa sikukuu unapokaribia, abiria wa treni humwagiwa nasaha. Wahi kituoni. Beba kitambulisho. Punguza mizigo. Usinunue tiketi kwa mlanguzi. Nasaha hizi ni njema, nami sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma yake: kwamba safari ikiharibika, mwenye kosa ni abiria, na kwamba dawa ya kila kasoro ni kumwonya yeye.

Nina ushahidi wa nyumbani. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa anasafiri kwenda kumzika rafiki yake aliyesoma naye chuo cha ualimu. Mjukuu wake alimkatia tiketi kwa simu, akamwachia karatasi iliyoandikwa saa 06:00. Shangazi, ambaye sijapata kusikia amechelewa popote, alifika kituoni saa 5 asubuhi, akijipa saa nzima ya akiba. Treni ilikuwa imeondoka saa 12 alfajiri.

“Mwanangu, hapa pameandikwa saa 6,” alimwambia mhudumu.

“Hiyo ni ya alfajiri, bibi. Ungeuliza.”

Nauli haikurudi, na maziko yalifanyika bila yeye. Reli ile sitaitaja, kwa kuwa kosa hili halina mwenyewe mmoja. Nilipowasimulia wenzangu chuoni, mmoja alicheka akasema, “Sisi Waafrika na muda!” Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Naomba tumtendee haki shangazi. Alisoma nini kimakosa? Fungua gazeti lolote la Kiswahili, utakuta mkutano umeanza “saa 6:00 mchana”. Washa redio, utasikia taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Katika lugha yetu mchana huanza jua linapochomoza, na saa ya kwanza baada ya hapo ni saa moja. Kwa watu waishio karibu na ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, huo ni utaratibu wenye akili timamu. Shangazi alisoma tarakimu zilizo mbele yake kwa lugha anayoiishi. Aliyeziandika ndiye aliyetumia saa nyingine bila kusema ni ipi.

Najua nitakayojibiwa: reli huhitaji saa 24 kwa ajili ya usalama, na mfumo wa kompyuta ni wa kimataifa. Nakubali. Dereva na mwongoza treni waitumie hiyo saa 24 usiku na mchana. Lakini tiketi haiandikiwi dereva. Tiketi ni barua kwa abiria, na barua huandikwa kwa lugha ya anayepelekewa.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Reli zilipoenea Uingereza katika karne ya 19, miji ilikuwa na saa zake kufuatana na jua. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama kumi. Basi saa ya jengo la soko la Bristol ilipewa mishale miwili ya dakika, mmoja wa saa ya mji na mwingine wa saa ya London, na mishale hiyo ipo hadi leo. Waingereza hao waliona kwamba anayeleta saa mpya ana wajibu wa kuitafsiri.

Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na ngonjera. Lugha inayoweza kumhukumu mtu kifungo inashindwaje kumwambia treni inaondoka saa ngapi?

Mpaka hapo wahusika watakapoamka, nami nitoe nasaha zangu kwa abiria.

Kwanza, tiketi ya saa 24 ipunguzie 6: saa 14:00 ni saa 8 mchana. Jibu likizidi 12, punguza 12 tena: saa 22:30 ni saa 4 na nusu usiku. Saa ikiwa kati ya 00 na 06, ongeza 6 badala ya kupunguza: saa 05:00 ni saa 11 alfajiri.

Pili, jihadhari na usiku wa manane. Treni ya saa 00:30 tarehe 12 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Toka nyumbani jioni ya tarehe 11. Ukingoja jioni ya tarehe 12, umechelewa siku nzima.

Tatu, saa ya tiketi ni ya treni kuondoka. Hesabu pia muda wa ukaguzi wa mizigo na wa kufika stesheni, kwa kuwa nyingi mpya ziko mbali na katikati ya mji: anayepanda treni ya kisasa Nairobi huifuata Syokimau, na wa Mombasa huifuata Miritini.

Nne, ukimkatia mzee tiketi, jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kisha mwandikie saa kwa mkono: “saa 12 asubuhi, siku ya Ijumaa.” Maneno hayo machache yangemfikisha shangazi makaburini.

Lakini kazi hiyo si ya wajukuu. Ndugu mtumishi wa umma unayesoma hapa, kuongeza mstari mmoja wa Kiswahili chini ya tarakimu hakuhitaji mkopo wala mkandarasi. Kunahitaji mtu mmoja ofisini aamini kwamba shangazi yangu alijua kusoma. Nanyi wanafunzi wangu, mtakapomsikia mtu akicheka kwamba Mwafrika hajui muda, mwombeni kwanza awaonyeshe tiketi.